Kimya cha Alhamisi

Siku ya nne baada ya maji nilimkuta Mzee Mwinjuma, mtunza king'ora wetu, juu ya ngazi yake, kitambaa kimefungwa puani, anabandua viota vya nyigu mdomoni mwa king'ora. Walikwisha kumnyang'anya ufunguo wa kabati la umeme. Ngazi hawakuichukua kwa sababu ilikuwa mali yake mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Semeni. Kaa mbali na hapo, mwanangu. Nyigu hawajui nani ana diploma."

Nilicheka. Kicheko kilipotoka nikatamani kukirudisha, kama mtu aliyechukua kitu cha watu mezani.

King'ora hicho watu wa Chambila wanakiita Mama Mkwe, kwa kuwa akisema yeye kila mtu husimama. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukosea. Juu mtoni, mwendo wa kilomita nane, kambare wa bati huogelea wakipima kina na kasi ya maji. Wanayoyaona huletwa kituoni kwetu, kituo huamua, Mama Mkwe hupiga kelele, na watu hupanda mlimani wakiwa na dakika ishirini na tano mkononi. Ndiyo maana mji ulishuka. Bibi zetu walijenga mlimani, wakalima bondeni na kurudi juu jua likizama. Sisi tulijenga bondeni kabisa, tukapaka kuta rangi, tukaacha kuutazama mto. Tuutazame wa nini, na yupo anayeutazama?

Mzee Mwinjuma alishuka, akakaa kwenye kidato cha mwisho cha ngazi. "Leo mchana ndiyo kamati inanisikiliza."

"Nitakuwepo, baba. Mimi ndiye nitakayeisoma hati."

"Vizuri. Una sauti nzuri. Soma polepole lakini, wale wanakamati masikio yao yana pamba." Akafungua kitambaa, akakikunja mara nne, akakikunjua. "Semeni. Nikuulize kitu, na usimwambie mtu. Unadhani ni mimi?"

"Wewe umefanya nini?"

"Niliyezima umeme wa king'ora. Jumamosi ile nilikwenda pale kabatini. Nakumbuka nilikwenda mara moja, lakini jirani ananiambia aliniona mara mbili. Tangu mama yenu aondoke natia chumvi kwenye chai. Jana nimetafuta kofia nusu saa, iko kichwani. Labda mkono ulizima na kichwa hakikuwepo. Kama ni mimi, basi mguu wa yule binti ni mguu wangu."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, lingetoka kwa pumzi moja.

"Umechoka tu, baba," nikasema.

*

Yote yalianza Alhamisi, siku mbili kabla ya maji.

Mashine zetu huamriwa kwa Kiswahili. Nilizaliwa nikakuta hivyo, na najivunia, kwa hiyo sina pa kujificha: siwezi kusema lugha ilinipita. Kituoni kuna hati moja ndefu ya amri tunayoiita hati mama. Yenyewe haifanyi kazi kubwa. Kazi yake ni kuita programu nyingine, kila moja na lake. Moja inawasikiliza kambare, moja inalinganisha namba, na moja, ambayo jina lake ni mlinzi, inaamua kama mto umekasirika na kumwita Mama Mkwe.

Hati mama inapoita programu huikabidhi mazingira yake, yaani orodha ya vigeu: jina upande huu, thamani upande ule. Programu ikizaliwa huchukua nakala ya orodha hiyo na kwenda nayo mpaka izimwe. Haiulizi tena. Kila Alhamisi saa tatu asubuhi hati mama huzima programu zote na kuziita upya, ili zianze wiki zikiwa safi. Saa nne hujaribu king'ora, kwa sauti yote, dakika nzima.

Bi Tausi, mke wa Mzee Mwinjuma, alifariki Jumatano jioni. Nyumba yao iko chini ya mnara wa king'ora, kwa hiyo Alhamisi asubuhi wanawake walikuwa wamekaa mikekani hatua thelathini kutoka mdomo wa Mama Mkwe. Chambila kukiwa na msiba hakuna anayetwanga. Redio huzimwa mpaka mtaa wa tatu, na hata wachimba kisima huweka sururu chini. Nikamfikiria Mama Mkwe akibweka dakika nzima juu ya maiti ambaye hajatoka ndani. Nikaona aibu kwa niaba ya kituo kizima.

Kigeu cha kumnyamazisha kipo. Kinaitwa KIMYA. Mafundi wa karakana walikiweka ili wakimtengeneza wasiuzibe mji masikio. Kikiwa "ndiyo", king'ora hupokea amri, hujibu "sawa", na hakitoi sauti.

Nilianza kwa kuandika hivi, juu kabisa ya hati:

weka KIMYA=ndiyo

Nikajaribu kwa king'ora kidogo cha mezani. Kikalia. Lazima kilie: "weka" hukiacha kigeu ndani ya hati yenyewe, hakishuki kwa programu zinazoitwa. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza anajua. Njia ya haki ilikuwa kukiandika mbele ya amri moja tu, kwenye mstari wake:

KIMYA=ndiyo jaribu-king'ora

Hapo kingeishi ndani ya mwito ule mmoja, na mwito ukiisha kingekufa nao. Lakini mstari huo ulikuwa chini huko, baada ya mia tatu, saa ilikuwa tatu kasoro dakika sita, na nilikuwa nimekwisha kujifunga kanga ya msiba. Nikafuta neno moja juu, nikaandika jingine:

rithisha KIMYA=ndiyo

King'ora cha mezani kikapokea amri, kikajibu sawa, kikanyamaza. Nikaridhika.

Tunayo kanuni kituoni. Mstari ambao haujasikiwa na sikio la pili hauingii kwenye hati. Aliyeandika husoma kwa sauti, mwenzake husikiliza, kisha huuliza swali moja tu: "Nani mwingine atausikia?" Ni swali ambalo hata asiyejua amri anaweza kuliuliza, na ndiyo maana sikio la pili la zamu yangu lilikuwa mtunza king'ora, Mzee Mwinjuma. Injinia Mkude, mkuu wetu, alikuwa safarini. Ningekwenda mkekani kumsomea mgane vigeu, naye hajamzika mkewe?

Saa tatu programu zikazimwa, zikazaliwa. Saa nne Mama Mkwe hakusema kitu. Adhuhuri niliufuta mstari, hati ikarudi ilivyokuwa jana yake, nikaenda kuzika.

Njiani nilijiona mtu mwema. Kati ya yote, hilo ndilo bado linanichoma ninapolikumbuka.

*

Jumamosi jua lilikuwa kali. Maji ya Chambila hayaji na mvua, mvua hunyesha milimani kwa watu wengine. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, niliposikia kama malori mengi yanashuka mlima kwa pamoja. Msusi akasema, "Hao wanakuja kuchukua mchanga." Kisha kuku wote wakapita mbele yetu, wakikimbilia juu.

Nyumba kumi na moja zilikwenda. Mtu hakufa, kwa bahati ambayo hatukuistahili. Lakini Mwajabu, mwalimu wa chekechea, alikuwa darasani na watoto ishirini na wawili wakifanya mazoezi ya mahafali. Aliwatoa wote. Alirudi kuangalia kama kuna aliyebaki, ukuta ukamwangukia. Jioni madaktari waliukata mguu wake juu ya goti.

Jumapili Injinia Mkude alirudi. Alifungua kumbukumbu za mashine mbele yetu sote, akasoma: "Saa tisa na dakika nne alasiri, mlinzi amemwita king'ora. Jibu: sawa." Akaenda mnarani, akabonyeza kitufe cha mkono. Mama Mkwe akalia mpaka mbwa wakajificha. Injinia akaanza kuhesabu kwa vidole. King'ora kizima, programu zimefanya kazi yake. Kilichobaki ni swichi ya umeme wa sauti iliyo ndani ya kabati, ambayo mtu angeweza kuizima na kuiwasha tena baadaye, na ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwa mtu mmoja, ambaye siku hizo tatu alikuwa akitembea kama amelala.

"Mashine zisiguswe mpaka kamati ikae," aliagiza. Akawaweka vijana wawili wenye filimbi ukingoni mwa mto, walinde kwa macho kama zamani.

Kutazama si kugusa. Walipotoka nilikaa mbele ya mashine. Ipo amri inayoonyesha mazingira ya programu iliyo hai: si yale yaliyoandikwa kwenye hati leo, bali yale iliyozaliwa nayo. Nikayaomba ya mlinzi. Ilikuja mistari kumi na minne. Wa tisa ulisema:

KIMYA=ndiyo

Nilikuwa nimeufuta kwenye hati. Sikuwa nimeufuta ndani yake. Alizaliwa Alhamisi saa tatu akachukua nakala yake, akakaa nayo siku mbili akingoja mto, na mto ulipokuja akaita kwa kunong'ona, na king'ora kikamjibu sawa.

Nikaufunga ukurasa. Vidole vyangu bado vilinuka mafuta ya nywele.

Jumatatu nilikwenda hospitali. Mwajabu alikuwa amekaa, mto mgongoni, anamenya chungwa.

"Pole, Mwajabu."

"Nimeshapoa. Wewe ndiye unaonekana mgonjwa. Na hizo nywele umesukwa na nani, hasimu wako?"

Nikakaa. Akanipa vipande viwili vya chungwa, nami nikavila.

"Unajua niliyaona?" akasema. "Nilikuwa dirishani. Mto ulibadilika rangi, ukawa kama chai ya maziwa. Nikajiambia, mbona Mama Mkwe hajasema? Basi hakuna kitu. Nikaendelea kuwaimbisha. Beti mbili, Semeni. Nilimaliza beti mbili nzima."

"Usijilaumu."

"Sijilaumu. Namtafuta wa kumlaumu. Wanasema ni yule mzee. Wakimfukuza nitafurahi? Sijui. Ila nataka jina. Mtu akikuondolea mguu, umjue angalau jina lake."

Nilitoka pale na mbegu ya chungwa mdomoni. Sikuitema mpaka nyumbani. Siku iliyofuata mama yake Mwajabu aliniona njiani, akanivuta kwake, akanipakulia ugali na mlenda, akisema rafiki za binti yake ni watoto wake. Nilikula nikamaliza. Kila tonge lilikuwa na nafasi ya kusema, na kila tonge nililimeza.

Nilijiambia nasubiri kamati. Nilijiambia kosa ni la nia njema. Nilijiambia hata nikisema, mguu hautaota. Mtu aliyesoma hakosi maneno, na mimi ndiyo kazi yangu.

*

Kamati ilikaa uani kwa kituo Jumatano saa nane mchana. Wanakamati watatu mezani, Injinia Mkude pembeni, watu kwenye mabenchi na wengine ukutani. Mzee Mwinjuma alikuwa amevaa kanzu aliyoivaa mazishini.

Nikasoma hati mama kwa sauti, mstari kwa mstari, kama desturi inavyotaka. Mistari mia tatu arobaini na mmoja. Nilisoma vizuri. Hata watoto walinyamaza. Nilipopita pale juu, ambapo mstari wangu ulikuwapo, sauti yangu haikutetemeka, nami nikajichukia kwa jinsi isivyotetemeka.

"Hati ni safi," alisema Injinia Mkude. "Mzee Mwinjuma, una la kusema?"

Mzee alisimama, akashika mgongo wa kiti. "Sikumbuki kuzima. Lakini siku hizi sikumbuki mengi. Andikeni ni mimi, jamani, msichoke. Nitakwenda kwa dada yangu huko juu, niwaachie mji wenu."

Mtu ukutani alisema, "Aende!" Mwingine akamwambia, "Nyamaza, una adabu wewe?"

Mwenyekiti alichukua kalamu. Injinia Mkude akaangalia saa yake. "Basi kizuizi cha mashine kinaisha leo. Kesho Alhamisi, saa tatu programu zinazaliwa upya. Tunaanza wiki tukiwa safi."

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichokuwa nakisubiri siku zote zile. Sikuwa nasubiri kamati. Nilikuwa nasubiri kesho saa tatu. Mlinzi angezimwa, na nakala yake ingekwenda naye, na mwingine angezaliwa hana habari. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunionyesha mstari ule tena. Baada ya mwaka mmoja hata mimi ningeanza kuutilia shaka. Na mzee yule angekaa kwa dada yake akijaribu kukumbuka siku mkono wake ulipozima.

"Injinia," nikasema. "Sijamaliza kusoma."

"Hati imekwisha, Semeni."

"Hati imekwisha. Mlinzi mwenyewe hajasomwa."

Aliniangalia. Kisha akaonyesha mashine kwa kidevu. Niliandika amri, mistari kumi na minne ikaja, nikaanza. Wa kwanza, wa pili. Sauti iliyokuwa nzuri nayo ikaniacha. Wa nane niliusoma mara mbili. Wa tisa nikausema nikitazama kibodi.

"KIMYA, ndiyo."

Injinia Mkude alifumba macho. Wanakamati wakaangaliana. "Maana yake nini hiyo?" akauliza mwenyekiti.

"Maana yake Mama Mkwe aliambiwa anyamaze, akatii. Umeme haukuzimwa. Mzee Mwinjuma hakugusa kitu." Nikavuta pumzi. "Ni mimi. Alhamisi asubuhi niliandika kwamba kila programu irithi kimya, nilitaka jaribio la saa nne tu lisilie. Mchana nikafuta kwenye hati. Zilizokuwa zimezaliwa zilikuwa zimeshachukua."

"Sikio la pili lilikuwa nani?" aliuliza Injinia.

"Hakuna."

"Umejua lini?"

Swali hilo ndilo nililoliogopa siku zote. Kosa lina heshima yake, mtu huweza kulibeba. Siku tatu hazina.

"Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii iliyopita, Injinia. Jioni."

Mama yake Mwajabu alisimama benchini. Hakupiga kelele. "Na jana umekula kwangu," akasema. "Ukanawa, ukala, ukaniambia ahsante mama, Mungu akuzidishie."

Sikuwa na pa kuyaweka macho. Niliyaweka miguuni kwake, ikawa vibaya zaidi.

Mzee Mwinjuma alikuwa bado amesimama. "Kwa nini ulimnyamazisha?" akauliza.

"Kwa ajili ya msiba, baba. Wa mama."

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Ungekuja kuniuliza ningekwambia." Alizungumza taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. "Tausi miaka kumi na moja alikuwa anapika uji kwa king'ora hicho. Mama Mkwe akilia Alhamisi saa nne, anaepua. Alhamisi ile nimekaa mkekani nangoja nisikie. Saa nne ikapita. Nikasema moyoni, hata huyu naye kamsahau." Akapapasa kanzu kama anatafuta ufunguo ambao haupo. "Lakini hilo si kitu. Hilo ni la mtu mzima na huzuni yake. Leo asubuhi nilikuuliza, Semeni. Nilishuka kwenye ngazi nikakuuliza kwa mdomo wangu."

Akaketi. Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

*

Jioni ileile nilimpelekea Mwajabu jina. Alilisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani, akasema, "Haya. Nimelijua." Nilikaa dakika chache, kisha muuguzi akaniambia niende.

Alhamisi saa tatu Injinia Mkude mwenyewe alizianzisha programu, nami nimesimama nyuma yake bila kitambulisho cha kazi, kwa kuwa kilikuwa kwenye droo yake mpaka kamati iamue. Alinifanya nisome mazingira ya kila moja kwa sauti, na kila mstari akauliza, "Nani mwingine atausikia?" Nilijibu mara sitini na mbili.

Saa nne Mama Mkwe alilia. Ilikuwa siku ya jaribio, kila mtu alijua ni jaribio. Hata hivyo mji mzima ulipanda mlimani. Walisimama huko juu, wengine na masufuria, wengine na watoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliwaona watu wa Chambila wote wakiutazama mto.

Mimi nilibaki chini ya mnara. Sauti ilipokatika nilimwona Mzee Mwinjuma anakuja na ngazi begani, ufunguo umerudi shingoni. Nyigu walikuwa wameanza tena kiota upande wa pili.

"Shikamoo, baba."

Hakuniitikia. Aliegemeza ngazi mnarani, akaitikisa. Ardhi ilikuwa bado tope la mafuriko na mguu mmoja wa ngazi ulikuwa unazama. Akausogeza, ukazama tena. Akafunga kitambaa puani, akapanda kidato cha kwanza, ngazi ikayumba, akashuka. Akatazama huku na huku uani, na hapakuwa na mtu mwingine.

"Shika ngazi," akasema.

Nikaishika.